Kibuyu Kilichokamatwa

Kibuyu kilikamatwa Jumatatu asubuhi, na hakikupinga kukamatwa.

Kipkirui, afisa wa afya ya umma, alishuka kwenye gari la kaunti akiwa na barakoa, glavu ndefu na buti nyeupe za mpira ambazo hazijawahi kukutana na matope ya Boito tangu zinunuliwe. Zilikutana nayo hapohapo. Alipofaulu kuuchomoa mguu wa kushoto, aliuliza kwa sauti ya hakimu, "Nani hapa anaitwa Rebeccah?"

"Ni mimi," Rebeccah akasema mlangoni. "Karibu chai."

"Hatunywi kitu hapa, mama. Tumekuja kuchukua sampuli."

Sampuli yenyewe ilikuwa imetulia jikoni kwenye rafu ya juu: kibuyu kikubwa cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye majivu ambayo hakuna mama wa upande huo anayeweza kumwoza binti bila kuyamimina. Jumamosi mbili zilizopita watu wa Soin walikuja kumposa Nelvine, kifungua mimba wa nyumba hiyo, na Rebeccah akawamiminia. Majirani nao wakamiminiwa. Katika wiki hiyo kijiji kizima kilianza kukimbia nyuma ya nyumba, kipindupindu kikatajwa kwenye redio, na Mzee Kipngetich wa boma la pili akazikwa. Serikali ilihitaji mshukiwa asiyekuwa na wakili. Kibuyu hakikuwa naye.

"Usikishike shingoni," Rebeccah akaonya. "Hiyo kamba ni ya zamani, ni ya mama yangu. Shika chini, kama mtoto."

Kipkirui akakishika kama mtoto. Akakiweka kwenye kiti cha nyuma na kukifunga mkanda, heshima ambayo gari hilo halikuwa limewahi kumpa mgonjwa yeyote.

Kipngeno, mume wa Rebeccah, alikuwa amesimama kando akigeuzageuza kofia mkononi. "Daktari," akasema, "wale wageni wa Soin ndio walikunywa mengi. Mmoja aliongezwa mara tatu. Nimewapigia simu, wote wazima."

"Soin ni kaunti nyingine, mzee. Haiko kwenye uchunguzi wetu."

"Na lile tangi la maji pale njiapanda? Hata hao waliougua bila kufika hapa kwangu wanachota pale."

Wote wakatazama njiapanda. Tangi lilikuwa jipya, la kijani, na ubavuni mheshimiwa alikuwa amechorwa akitabasamu kwa meno mengi kuliko aliyo nayo.

"Lile lilizinduliwa," Kipkirui akasema.

"Najua lilizinduliwa, nilipiga makofi. Lilipimwa?"

"Mzee, kitu kikishazinduliwa kimezinduliwa."

Gari likaondoka polepole, kipaza sauti juu yake kikiwahutubia wananchi na mbuzi wao, maneno yaleyale ya kila siku tangu ugonjwa uanze: "Mnaombwa mjiepushe na maziwa ya kibuyu! Kunyweni maji safi kwa wingi! Maji kwa wingi!"

Katika boma la pili Rodah, mjane wa Mzee Kipngetich, alisikia kila neno. Akachukua ndoo yake, akaenda kwenye tangi.

*

Kituo cha maziwa kilikuwa cha kwanza kutoa hukumu. Karani alitumbukiza kipima ndani ya mtungi wa Rebeccah. Kipima kikasema maziwa ni mazuri, karani akasema ni mabaya. Katika mabishano hayo kipima hakikuwa na kura.

"Haya ni mabichi," Rebeccah akasema. "Yametoka kwa ng'ombe sasa hivi. Hayajaona kibuyu."

"Najua, Mama Nelvine. Lakini watu wanaongea."

"Wewe unapima watu ama maziwa?"

Karani akatazama viatu vyake. Maziwa yakarudi nyumbani, na kwa siku nyingi zilizofuata ndama wa Kipngeno walinenepa kama wakuu wa idara.

Majani chai yake yalipokelewa, kwa sababu kiwanda kinaamini moto. Hata hivyo, kwenye foleni ya kituo cha majani wanawake waliacha pengo mbele yake na pengo nyuma yake, kama watahiniwa. Jumapili mchungaji aliwaombea "wale ambao uchache wa usafi wao umetuletea majaribu." Hakutaja jina. Alifumbua macho tu, akamtazama, akayafumba tena. Wakwe wa Soin wakapiga simu kusema hawana neno na mtu, ila wangependa kusubiri matokeo.

Yote hayo Rebeccah aliyameza. Kilichokwama kooni ni sufuria.

Yeye na Rodah waliolewa mwaka mmoja, nyumba mbili zinazotenganishwa na ua wa michai iliyosahaulika kupogolewa. Wamechuma chai bega kwa bega tangu wakiwa wasichana wembamba. Kati ya nyumba hizo sufuria hazikuwa na mwenyewe. Ziliishi popote zilipolala. Asubuhi hiyo Rebeccah alikuta sufuria yake imetundikwa uani, imesuguliwa mpaka inang'aa, kama kitu cha mgeni.

"Rodah. Chamgei."

Rodah alikuwa upande wa pili akikata nyasi. Hakuitikia salamu.

"Si ungeleta tu ndani?"

"Nimekurudishia kila kitu chako. Ungo uko chini ya sufuria."

"Rodah, mimi ndiye nilikuosha miguu ulipojifungua mwanao wa kwanza. Nitazame."

Rodah akajiinua, panga mkononi. "Mzee alikunywa kikombe kimoja pale kwako. Alikuja nyumbani akisifu. Siku nzima alisifu. Kumbe alikuwa anasifu sumu."

"Si maziwa yangu."

"Basi niambie ni nini."

Rebeccah akatazama njiapanda, kwenye lile tangi ambalo hakuwa na ushahidi wa kulishtaki. Rodah alingoja, kwa haki kabisa, kisha akainamia nyasi zake.

*

Jibu lilikuja na godoro kichwani. Chepkurui, kitinda mimba, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye sifa. Naibu mwalimu mkuu alikuwa amegundua anatoka kijiji gani, akamrudisha nyumbani kwa ajili ya usalama wa wanafunzi wengine, ambao walibaki salama na maharagwe yenye wadudu.

"Mama, kwa nini usiwaulize?" akasema jioni, akichovya ugali.

"Kuuliza nani?"

"Ofisi ya afya. Matokeo ya kibuyu. Kuna sheria ya kupata habari, iko na katiba nyuma yake. Mwananchi akiandika ombi, ofisi lazima imjibu. Kama ni jambo la uhai wa mtu, lazima ijibu ndani ya saa arobaini na nane. Na hawaruhusiwi kukuuliza unataka ya nini."

Kipngeno akaweka tonge chini. "Sheria hiyo, nani amewahi kuitumia?"

"Sijui. Tulifanya mjadala shuleni."

"Ikawaje?"

"Upande wangu ulishindwa."

"Unaona," Kipngeno akamwambia mkewe, kama kwamba mahakama ya rufaa imesema. "Mama Nelvine, serikali ikikukasirikia, unakaa kimya mpaka ikasirikie mwingine. Wacha watu wasahau."

"Rodah atasahau?"

Kipngeno akarudi kwenye ugali.

"Leta kalamu," Rebeccah akamwambia binti. "Andika: mnipe matokeo ya kibuyu changu. Andika: mnipe matokeo ya tangi la njiapanda. Andika: na mrudishe kibuyu."

"Kibuyu si habari, Mama."

"Kwangu ni habari. Andika."

Kesho yake barua ilipigwa chapa saiba, duka la kompyuta mjini Litein, na mwenye saiba, akiisoma huku anachapa, alisogeza kiti chake nyuma kidogo alipofika kwenye jina la kijiji.

*

Sheria inasema kila ofisi ya umma iwe na afisa wa kushughulikia habari. Ofisi ya afya ilikuwa naye, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Askari wa lango aliwatuma Rebeccah na Chepkurui mlango wa kwanza, mlango wa kwanza ukawatuma wa tatu, na wa tatu ukawatuma kwa askari wa lango. Hatimaye mkuu wa ofisi akatoka mwenyewe akiwa na kijiti cha meno, akasoma barua, akaangaza macho ukumbini.

"Afisa wa habari ni Phelis," akatangaza.

Phelis Mosoti, mtunza stoo, aliinua kichwa kutoka kwenye bunda la karatasi za chooni alilokuwa anahesabu. "Mimi?"

"Tangu mwaka juzi."

"Hongera," Chepkurui akamwambia. Mama yake akamkanyaga kiatu.

Mkuu aliendelea kusoma. "Mmeandika hapa ni jambo la uhai. Uhai wa nani?"

"Jirani yetu," Rebeccah akasema. "Mzee Kipngetich. Alikufa."

"Amekufa?"

"Ndiyo, tulizika."

"Basi hana uhai." Mkuu akanyoosha barua kumrudishia, kwa upole wa mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Hakuna haraka hapo, mama. Hilo ni ombi la kawaida. Litasubiri zamu."

Lakini Phelis alikuwa amekwisha kuipokea mkononi. Miaka yote katika ofisi hiyo alikuwa amekabidhiwa sabuni, balbu na karatasi za chooni, na hizo zote huibwa. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyeonyesha dalili ya kutaka kuiiba. Akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalalamika.

"Mtajibiwa," akasema.

Wageni walipoondoka, alimfuata Kipkirui. "Karatasi ya maabara ya kile kibuyu iko wapi?"

Kipkirui akatazama dirishani. Phelis akamgeukia mkuu. Naye mkuu alikuwa amevutiwa na dirisha hilohilo. Ofisi nzima ikawa inatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta. Juu ya jokofu la chanjo kibuyu kilikuwa kimekaa wima, kizibo kikiwa kando.

"Aa," Phelis akasema polepole. "Ile siku ya ugali."

*

Kipkirui alifika kwa Rebeccah wakati wa kukamua, safari hii kwa bodaboda, bila glavu, kibuyu kikiwa kimefichwa ndani ya jaketi kama mimba ya miezi minane.

"Nimewaletea mali yenu," akasema akiwa amesimama karibu na zizi. "Uchunguzi umekamilika."

Rebeccah akakipokea, akakitikisa. Kimya. Akakinusa.

"Matokeo?"

"Ni ya siri, mama."

"Na maziwa?"

"Yalitumika katika uchunguzi."

"Yote?"

"Uchunguzi ulikuwa wa kina."

Rebeccah akampa kiti na kikombe cha chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa mpumbavu. Safari hii alikunywa. Kiti na joto la kikombe vikamlegeza. Akakitazama kibuyu, akashusha sauti kama mtu anayeulizia binti wa nyumba.

"Mama, yale makaa ulisugulia ndani, ni ya senetwet peke yake, ama ulichanganya na mti mwingine? Kwa sababu ile ladha ya mwisho, ile inabaki hapa kwa koo..."

Akaziba mdomo kwa kikombe. Alikuwa amechelewa.

"Kumbe maabara ina koo," Chepkurui akasema kutoka kwenye ndoo ya maziwa.

Kipngeno akavua kofia. Rebeccah hakucheka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya afisa, magoti kwa magoti. "Niambie," akasema. "Polepole."

Kipkirui akasema, kwanza kwa kikombe, kisha kwa kibuyu. Maabara iko mbali na gari halikuwa na mafuta. Ilikuwa saa ya chakula, mtu akaleta ugali na mboga. Mkuu akauliza kile ni nini, akafungua kizibo kidogo tu, ahakikishe hali ya sampuli. Harufu ikatoka. "Mama, wewe mwenyewe unajua ile harufu. Mimi nyumbani kwetu mama alikufa, hakuna mtu anatengeneza tena. Tulikunywa wote isipokuwa Phelis. Yeye ni wa Kisii, alikula andazi lake."

"Nani aliugua?"

"Hakuna."

"Hata tumbo kunguruma?"

"Mkuu aliongeza mara mbili."

"Kwa hivyo ulijua," Rebeccah akasema. "Siku ileile ulijua. Na kipaza sauti kikaendelea kupita hapa. Na watu wakaendelea kuugua."

"Ningesema nini, mama? Kwamba nilikunywa ushahidi?"

"Ndiyo. Hivyohivyo. Ni maneno machache." Akasimama. "Twende hapo kwa Rodah umwambie."

Afisa akaangalia upande wa boma la pili, ambako moshi ulikuwa unapanda. Kisha akatoka mbio, na buti zake, zisizokuwa nyeupe tena, zikampeleka mpaka kwenye bodaboda.

*

Chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa kituo cha majani ili kuipongeza kaunti kwa kuudhibiti ugonjwa. Ugonjwa haukuwa umepewa taarifa. Asubuhi hiyo wawili zaidi walikuwa wamebebwa hospitali. Viti vya plastiki vilipangwa mbele kwa wakubwa, na wananchi wakapewa nyasi. Mkuu wa ofisi alizungumza kwa kirefu kuhusu mila potovu na vyombo visivyooshwa kwa sabuni. Kipkirui alikuwa nyuma yake akisoma simu iliyozimwa.

"Kuna swali?" chifu akauliza, huku tayari anasimama kwa maombi ya kufunga.

"Kuna jibu," akasema Phelis Mosoti.

Alikuwa amepanda matatu kwa nauli yake mwenyewe. Mkuu akamwonyesha kwa jicho kwamba akae. Akakae wapi? Viti vilikuwa vimejaa wakubwa.

"Mama Rebeccah aliomba habari kisheria, na mimi ndiye afisa wa habari tangu mwaka juzi," akasema. "Jambo la kwanza, kibuyu. Hakikufika maabara. Yaliyokuwa ndani yalinywewa ofisini kwetu wakati wa chakula. Walikunywa wakubwa wote wa ofisi yetu walioko hapa mbele. Mimi sikunywa, hayo maziwa yenu yananishinda. Niliwachunguza tangu siku hiyo kwa sababu mimi ndiye ninayetoa karatasi za choo. Hakuna aliyekuja kuomba ya ziada."

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wavulana wa bodaboda, kikafika mpaka kwa karani wa maziwa, ambaye alicheka huku akijificha. Mzee mmoja alilia machozi akiuliza kama ofisi hiyo ina nafasi za kazi. Mchungaji alifumba macho, na safari hii hakuyafumbua. Kipngeno alisimama, akakaa, akasimama tena, hajui afanye nini na mikono yake.

Rebeccah alikuwa anamtafuta Rodah kwa macho. Alimwona mwisho wa uwanja, amesimama peke yake. Hakuwa anacheka.

"Na tangi?" Rodah akauliza.

Hakupaza sauti, lakini kicheko kikamsikia, kikaanza kupungua.

"Hilo ndilo jambo la pili," Phelis akasema. Sasa hakuwa anamtazama mtu. "Tangi halikupimwa kabla ya kuzinduliwa. Wala baada ya watu kuugua. Maji yanatoka mtoni, chini ya vyoo vya soko. Hakuna karatasi yoyote. Nimetafuta stoo yote."

Chifu akaomba wafunge kwa maombi. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka, wengine mbio, kwenda kumwaga mitungi.

*

Jioni hiyo Kipngeno alifunga bomba la tangi kwa waya. Chifu akatuma mtu aufungue, kwa kuwa tangi ni mali ya serikali. Kipngeno akaufunga tena, akapanda kuketi juu ya tangi lenyewe. Yule aliyesema serikali ikikasirika unakaa kimya alikuwa amekaa, hiyo ni kweli, lakini kimya hakuwa nacho.

Wakwe wa Soin walipiga simu wakicheka kama watu ambao hawakuwahi kusubiri matokeo. Karani wa maziwa akatuma salamu. Rebeccah alikuwa ameshinda kesi yake yote, na alikuwa ameketi jikoni kama aliyeshindwa, akikisugua kibuyu ndani kwa kijiti cha makaa, kwa sababu mtu fulani kule ofisini alikuwa amekiosha kwa sabuni.

Rodah aliingia bila kubisha, kama zamani. Alikuwa amebeba ungo na sufuria, ambavyo Rebeccah alikuwa ameviacha palepale uani. Akaviweka mahali pake, akakaa karibu na moto.

Rebeccah akaendelea kusugua.

"Alipougua," Rodah akasema, "lile gari lilipita likisema maji kwa wingi. Akawa hataki. Nikamwambia, kunywa, wewe mzee mkaidi, kunywa, serikali imesema. Nilimshika kichwa, Rebeccah. Nilimnywesha."

"Sote tulichota pale."

"Mimi ndiye nilimshika kichwa."

Rebeccah akaweka kibuyu chini. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu aliyemtundikia sufuria uani, ameyapanga kwa siku nyingi, mengine makali kweli. Hakuona hata moja. Akasogeza kigoda, akamshika mkono, wakaangalia moto.

"Uliniuliza ni nini," akasema mwishowe. "Ningejua jibu ni hilo, nisingetafuta."

"Hapana. Ungetafuta tu." Rodah akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akageukia mlango. "Yule msichana mdomo mrefu yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama Rodah," Chepkurui akasema, kwa heshima ambayo shule yake yenye sifa haikuwa imewahi kuiona.

"Leta kalamu. Andika langu. Nataka kujua ni nani aliyesema lile tangi lifunguliwe bila kupimwa. Nataka jina lake, si cheo. Nataka kujua mtungi wa kwanza alikunywa nani, yeye ama sisi."

Chepkurui akaandika, karatasi juu ya goti. Akafika mahali fulani, akasita.

"Hapa watauliza tena," akasema. "Kama ni jambo la uhai, watataka kujua ni uhai wa nani."

Rodah akafikiri. Nje, upande wa njiapanda, mtu wa chifu alikuwa anamwambia Kipngeno ashuke, naye Kipngeno alikuwa anamwambia apande amshushe.

"Andika wangu," Rodah akasema. "Waambie huu bado uko."